Mfuata Nyayo na Mteremko wa Siku ya Nne

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mfuata nyayo, yaani huwatangulia wawindaji akisoma alama za mnyama. Ni Mtanzania wa kusini, na kila mwaka msimu wa uwindaji unapofunguliwa huko kwao tarehe 1 Julai, yeye huwa keshafika kambini. Hukaa kitaluni, yaani kwenye eneo lililotengwa kwa uwindaji, mpaka mvua za mwisho wa mwaka zikate barabara. Miezi inayobaki anaishi nasi hapa Malindi, mtaa wa Maweni. Ana miaka 47. Mimi kazi yangu ni tiba ya viungo, na wengi ninaowahudumia ni wavuvi wenye migongo mibovu na vijana wa bodaboda waliovunjika miguu. Kabla yake sikuwahi kumwandaa mtu kwa kazi ya porini. Nakieleza kisa chake kwa ruhusa yake, pamoja na pale nilipokosea, kwa sababu naamini mashauri wanayopewa watu wa kazi hii, kimbia sana na unyanyue vyuma, hayagusi jambo lenyewe.

Majirani hupata tabu kuielewa kazi yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo hapa kwetu anayesema anafuata nyati kwa miguu hudhaniwa kuwa jangili. Kwao sheria ni nyingine: kuna vitalu, kuna leseni, kuna askari wa wanyamapori anayefuatana na kundi, na safari kubwa ni ya siku 21. Shemeji hutembea mbele ya wote. Nyuma yake yupo mwindaji bingwa, kisha mgeni aliyelipia, kisha askari. Bunduki ya mnyama hatari haitakiwi kupungua kipimo cha .375 ya inchi, lakini bunduki hizo wanazo walio nyuma. Yeye ana panga, maji, na vijiti vitatu vya kuegemezea bunduki. Nyati dume, mnyama anayeweza kufika kilo 700 na zaidi, akiwa amelala kichakani hatua ishirini mbele, anayetakiwa kumwona kwanza ni mtu asiye na bunduki.

Siku alipopita njia

Septemba 2024 walikuwa wakifuata madume wazee wa nyati, yale yanayojitenga na kundi. Siku tatu za mwanzo walitembea kati ya kilomita 15 na 20 kila siku, na shemeji anasema hakuona tofauti. Siku ya nne waliamka kabla ya alfajiri, wakapanda kilima, na jua lilipokuwa juu wakaanza kuteremka kuelekea bonde la mto uliokauka. Katikati ya mteremko paja la kulia lilianza kutetemeka. Hatua chache mbele goti likakunjika lenyewe akakaa chini. Hakuanguka vibaya, wala hapakuwa na mnyama karibu, namshukuru Mungu.

Watu wote kambini walilizungumza goti. Shemeji mwenyewe hakuwa akililia goti. Aliniambia jioni moja barazani, sauti ikiwa chini ili dada asisikie, kwamba karibu nusu saa kabla ya kukaa chini alikuwa ameshapita njia. Madume yalikuwa yamekata kushoto, nyasi zimelazwa waziwazi, na kinyesi kikiwa bado kibichi. Yeye akaenda moja kwa moja mbele. Aliyeona ni kijana anayejifunza, aliyekuwa wa tano nyuma. "Shemeji," akaniambia, "miaka kumi na tisa sijapita nyayo kama zile."

Kuanzia hapo mwajiri wake alimpandisha garini, awe anatazama kutoka juu. Malipo ya garini ni madogo. Mwisho wa msimu aliambiwa aje na miguu au asije kabisa.

Kwangu mimi kisa kizima kimo katika ile nusu saa. Macho yalichoka kabla ya goti. Mtu aliyeishiwa pumzi, paja linawaka moto, kila hatua anaifikiria isimwangushe, hana nafasi kichwani ya kusoma nyasi. Mfuata nyayo anaporudisha miguu yake anarudisha macho yake, na tangu siku ile kila zoezi nililompa nililipima kwa hilo.

Nilichokuta

Alirudi Malindi Januari 2025. Hakuja kwangu moja kwa moja. Februari alianza kukimbia peke yake ufuoni kila asubuhi, miguu mitupu, kwenye mchanga mkavu wa juu ambao mguu huzama, kwa sababu aliambiwa mchanga ndio hujenga miguu. Ramadhani ikaingia mwanzoni mwa Machi akapumzika. Baada ya Idd akaja akichechemea. Kano ya kisigino cha kulia ilikuwa imevimba, na asubuhi akitoka kitandani hawezi kukanyaga vizuri.

Nilimpima. Uzito kilo 91, saba zaidi ya alizokuwa nazo alipoanza msimu uliopita. Mapigo ya moyo akiwa ametulia 82 kwa dakika. Shinikizo la damu lilikuwa 152 kwa 96, na siku mbili baadaye halikushuka. Hapo nilisimamisha kila kitu nikampeleka kwa daktari na barua fupi: huyu atafanya kazi ngumu juani kwa miezi mitano, naomba dawa izingatie hilo. Barua hiyo ina maana. Baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini, nyingine huzuia moyo usipande kasi, na mtu wa porini akipewa hizo bila daktari kujua kazi yake anaweza kuzidiwa na joto. Mwanamume wa zaidi ya miaka arobaini asianze maandalizi kama haya bila kupimwa presha. Kipimo huchukua dakika tano.

Goti lenyewe halikuwa na ugonjwa. Mishipa yake imara, halina maji ndani. Lakini nilipomsimamisha juu ya ngazi nikamwambia ashuke polepole kwa mguu mmoja, nikihesabu hadi nne, mara ya sita goti la kulia lilianza kuyumba kuelekea ndani. Kujiinua kwa kisigino, mguu mmoja, alifika mara 11 kulia na 14 kushoto. Kwa mtu anayeishi kwa kutembea hizo ni chache sana.

Maelezo yake ni haya. Tukipanda, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi huku ukijifupisha. Tukiteremka, msuli uleule hufanya kazi ya breki: unavutwa urefuke huku ukizuia uzito wa mwili. Kazi hii ya pili haimalizi pumzi, ndiyo maana mtu hudhani mteremko ni mapumziko. Lakini ndiyo inayochanachana nyuzi ndogo za msuli, na maumivu yake hayaji siku ileile. Huja kesho yake, hukomaa siku ya pili au ya tatu, na kwa muda huo msuli umepungukiwa nguvu. Shemeji alibeba deni la miteremko ya siku tatu likadaiwa siku ya nne.

Tena pia ya goti, ule mfupa wa mbele ya goti, mtu anaposhuka ngazi hubanwa kwa nguvu inayofika mara tatu ya uzito wa mwili au zaidi. Kwa hesabu hiyo zile kilo saba za ziada si saba tena.

Hoja ya wazee

Nilipomwelezea, alinipa hoja ambayo sikuwa na jibu lake papo hapo. "Wazee wetu hawakufanya mazoezi. Na hawa Wasanye wenu huku nyuma, nani aliwafundisha?"

Alikuwa akisema Wawaata, ambao hapa pwani tumezoea kuwaita Wasanye, waliokuwa wawindaji wa tembo katika nchi kavu kati ya Malindi na Tsavo. Pinde zao zilikuwa na nguvu ya ajabu; nyingine zilitaka mvuto wa kilo 45 na kupita, kwa mishale ya sumu, na mwindaji alimkaribia tembo hatua chache tu. Kweli, hawakuwa na jimu. Nilikaa na hoja hiyo siku mbili ndipo nikaona tofauti. Mzee wa Kiwaata hakuwa na miezi sita ya kukaa. Alitembea mwaka mzima, maji yalikuwa mbali, asali ilikuwa mbali, na mwili wake haukupewa nafasi ya kusahau. Shemeji ana msimu na ana likizo. Pumzi ya mtu huanza kupungua ndani ya wiki chache za kukaa. Kano na mifupa ni wazito zaidi kurudi kuliko moyo: moyo utakwambia uko tayari mwezi wa pili, na kisigino bado hakijawa tayari. Likizo ndiyo kitu kipya. Alikubali hoja hiyo, nadhani kwa sababu haikuwatukana wazee.

Mchanga, ngazi, Marafa

Tulikuwa na wiki kumi na mbili hadi mwisho wa Juni, na masika juu yetu.

Mchanga mkavu nilimkataza mwezi mzima. Kisigino kikizama chini kuliko vidole, kano inavutwa mwisho wa urefu wake kila hatua, maelfu ya hatua. Tukahamia mchanga mgumu wa chini wakati maji yamekupwa, na viatu vyake vya kambini miguuni, kwa sababu malengelenge yanatakiwa yaishe Malindi yasiende Tanzania. Ratiba tuliipanga kwa maji, si kwa saa. Siku za bamvua, maji yakienda mbali, aliweza kutembea kilomita nane bila kupanda juu. Nyumbani alishusha visigino kwenye kipandio cha mlango, polepole, mara 15 kwa awamu tatu, asubuhi na jioni. Dada yangu alihesabu. Wiki ya tano maumivu ya asubuhi yalikuwa yameisha.

Kwa paja, ngazi. Rafiki yangu analinda jengo la ghorofa tatu mjini, akaturuhusu baada ya Alasiri. Kupanda kwa kasi yoyote aliyotaka. Kushuka kwa kuhesabu nne kila kipandio. Siku ya kwanza alishuka mara mbili tu akaniona mzembe. Siku iliyofuata alishindwa kukaa kwenye mkeka. Nilifanya hivyo kwa makusudi: msuli ukionja mteremko kidogo, mara ya pili huumia kidogo sana, na kinga hiyo hubaki kwa wiki kadhaa. Ndiyo siri ya maandalizi yote ya miguu ya mlimani, na haihitaji kifaa hata kimoja.

Hapa ndipo nilipokosea. Wiki ya sita aliendelea vizuri, nami nikapandisha mzigo wa mgongoni kutoka kilo 8 hadi 14 kwa mara moja, nikiwaza nyama ya nyati ambayo huibeba vipande vipande kurudi kwenye gari. Siku tatu baadaye kisigino kilirudi kuuma. Tulipoteza siku kumi. Mzigo ungepanda kwa kilo moja au mbili kwa wiki, basi. Nililijua hilo, ni somo ninalowapa wagonjwa wengine kila siku, na tarehe 1 Julai iliyokuwa mbele ilinifanya nilisahau.

Ngazi zina kasoro moja: kila kipandio ni sawa na kilichotangulia. Huko kitaluni shemeji alinieleza kuhusu udongo mweusi wa mbugani, ambao tembo na nyati huukanyaga ukiwa tope, kisha kiangazi huukausha ukawa mgumu kama tofali, umejaa mashimo ya kwato na nyayo yaliyofichwa na nyasi. Kifundo cha mguu hupinda humo mtu akifumba na kufumbua. Malindi ni tambarare na haina udongo huo. Tulichonacho ni mwamba wa matumbawe ufuoni, upande wa Nguzo ya Vasco da Gama, wenye mashimo na makali, na hapo alijifunza upya kuweka mguu bila kuutazama. Nasisitiza bila kuutazama, kwani mfuata nyayo akitazama mguu wake hatazami mbele.

Na tuna Marafa. Ukivuka daraja la Sabaki, ukapita Mambrui na kukata kuingia ndani, unafika kwenye makorongo ambayo Wagiriama huyaita Nyari. Watalii huenda jioni kupiga picha za rangi za udongo. Sisi tulifika mapema kila Jumamosi kuanzia wiki ya nane, kwa matatu, nauli tukichangiana. Kingo zake ndizo mteremko mkali wa karibu ninaoujua. Alianza kwa kushuka na kupanda mara nne. Mwisho alifika kumi na mbili, na kilo 10 mgongoni.

Simbi kumi

Jambo ninalolionea fahari zaidi katika kisa hiki halikutoka kwenye mafunzo yangu. Lilitokana na ile nusu saa.

Kabla hajateremka, nilikuwa nikitawanya simbi kumi, yale makaka madogo ya baharini, chini ya korongo, katika eneo la hatua thelathini hivi, nyingine zimefunikwa nusu na udongo. Akimaliza mzunguko wa mwisho, bila kupumzika, nampa dakika tatu azikusanye. Jumamosi ya kwanza aliokota nne, moja akaikanyaga. Alisimama akaniangalia, nikajua amelikumbuka lile bonde. Baada ya kupumzika robo saa alirudi palepale akazipata zote kumi kwa dakika moja na nusu. Macho yake hayakuwa na kasoro. Pumzi na mapaja ndiyo yaliyoyafunga.

Wiki kwa wiki tuliangalia simbi kuliko tulivyoangalia saa. Sita, sita, saba. Akijisukuma mno kwenye mteremko, simbi zilipungua. Akipunguza mwendo kidogo, zikaongezeka. Kwa njia hiyo akajifunza mwendo wake mwenyewe, ule ambao anaweza kutembea na bado akaona. Alikuja kuutambua kwa kupumua: mwendo anaoweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Akiupita huo, hafai kuwa mbele. Jumamosi ya mwisho alipata tisa, na ya kumi hatukuipata sote wawili.

Mwezi Juni tuliunganisha siku. Jumamosi Marafa, Jumapili kilomita 16 ufuoni na ndani ya mashamba hadi upande wa Mambrui, Jumatatu ngazi, Jumanne kilomita 16 tena. Kisha siku tatu za kulala. Tulifanya hivyo mara mbili tu, ya pili ikiisha siku tisa kabla ya safari yake. Mtu anayefanya mazoezi siku moja na kupumzika siku moja haijui siku ya nne, hata awe na nguvu gani.

Kuhusu joto sikuhangaika sana, ingawa yeye aliliogopa. Mwili huzoea joto kwa siku saba hadi kumi na nne za kufanya kazi ndani yake, na huanza kulisahau wiki chache tu baada ya kuliacha. Juni Malindi kuna upepo wa kusi na wingu, na Julai huko kwao asubuhi ni baridi. Joto lenyewe huja Oktoba, na kufikia hapo atakuwa porini tayari, likimpandia polepole. Nilichomfundisha ni tofauti ya jasho. Hapa pwani jasho hukaa mwilini unaliona. Kwenye hewa kavu linakauka kabla hujaliona, mtu akadhani hatoki jasho, akanywa kidogo. Atazame mkojo, sio shati. Na siku ndefu achanganye lita moja ya maji na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Chakula tulikibadilisha kidogo tu. Mahamri na mbaazi asubuhi vilibaki, kwani anafanya kazi na anahitaji. Wali wa nazi wa usiku ulipungua, samaki, mayai na pojo vikaongezeka. Kilichomsaidia kuliko sahani ni kuacha muguka, aina ya mirungi, wa barazani. Alikuwa akitafuna hadi saa sita usiku, hapati usingizi, na presha haishuki. Haikuwa rahisi, na wenzake wa baraza walikasirika nami kwa muda.

Alipoondoka

Tarehe 24 Juni alikuwa na kilo 85. Presha, pamoja na dawa, 132 kwa 84. Mapigo ya moyo 66. Kujiinua kwa kisigino mara 22 kulia na 23 kushoto. Kushuka kipandio kwa kuhesabu nne, mara 20 bila goti kuyumba. Kilo moja niliyoitarajia haikutoka na sikuidai.

Alinipigia simu mwishoni mwa Agosti alipotoka kwenda mjini kununua mahitaji. Walikuwa wamemaliza safari mbili kubwa. Kucha mbili za vidole gumba zimekuwa nyeusi kwa miteremko, kosa la kiatu kilichobana mbele ambalo sote wawili hatukuliona, kwa sababu kushuka Marafa ni kwa dakika chache na huko ni kwa saa nzima. Goti halikumsumbua. Katika safari ya pili, siku ya tisa, nyayo zilipotea kwenye mwamba saa saba mchana. Mwindaji bingwa akataka kurudi. Shemeji akaomba dakika kumi, akazunguka, akaona jani moja lililogeuzwa upande wake mweupe, na mbele yake jingine.

Anarudi Maweni wiki ya kwanza ya Januari. Nimeshazungumza na dada: karamu ni ya siku tatu, isiwe ya miezi mitatu. Ramadhani ya 2026 inatarajiwa karibu na 18 Februari, kwa hiyo ngazi zitaanza kabla yake, mara mbili kwa wiki, kidogo, na kwenye mfungo atatembea baada ya kufuturu. Viatu atanunua vipya, vyenye nafasi mbele. Zile simbi bado ziko kwenye kikopo juu ya kabati langu, tisa.